Nchi Wanakomuuliza Mnyama

Nyamizi alikuwa mkunga wa kijiji cha Isunga, na habari hii ni ya safari aliyoifanya kwenda kumzalisha bintiye Kalunde, aliyeolewa katika nchi iitwayo Unyamavu. Njia ya kufika huko haina haja ya kuelezwa. Mzazi mwenye binti aliyeolewa mbali huijua.

Kitu cha kwanza alichokiona kwa Wanyamavu ni upole. Mlinzi wa mpaka alimtua mzigo kichwani kabla hajamwuliza jina. Mwanamke asiyemfahamu alimletea maji kwenye kata, kisha akageuza uso pembeni ili mgeni anywe bila haya. Hakuna aliyepaza sauti. Watoto walicheza mpira wa matambara kwa kunong'onezana. Hata vinu vilitandikiwa magunia chini, ili mtu akitwanga jirani asisikie kishindo. Nyamizi, aliyezoea makelele ya Isunga, alitembea kwa nyayo nyepesi kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye mgonjwa, akajisemea moyoni kwamba binti yake amepata watu.

Alimkuta Kalunde tumbo limekwishashuka, zimebaki wiki tatu au nne. Walikumbatiana kimya kimya, kwa desturi ya hapo.

"Mama, safari hii sitateseka," Kalunde alisema hata kabla ya kumkaribisha kiti. "Safari hii wananipa tone."

Nyamizi alikuwa hajui tone ni nini. Alichojua ni mimba ya kwanza, kwa barua: siku mbili za uchungu, na mtoto hakukaa. Kalunde alimweleza yaliyobaki. Kumbe alipiga kelele siku zile mbili mpaka sauti ikakauka, na mtaa mzima ulimsikia. Majirani waliacha kupika. Walikaa nje ya mlango wakilia pamoja naye. Alipokwisha kupona, walikwenda wote kwenye Baraza la Huruma, ambalo ndilo linalotawala Unyamavu, wakaomba mwanamke mwingine asipitie yale. Baraza likatunga sheria: kuanzia mwaka huu kila mama mwenye uchungu atapewa tone la tulizo, alale bila sauti mpaka mtoto atoke. Kalunde angekuwa wa kwanza kulipata.

"Ni kwa ajili yangu, mama. Walinionea huruma."

"Nimeona," alisema Nyamizi. "Na hilo tulizo ni kitu gani?"

Hapo ndipo alipoambiwa kazi ya mkwe wake.

Msena, mume wa Kalunde, alikuwa Muulizaji wa Msitu wa Mashariki. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini Nyamizi hakuweza kumuuliza uso kwa uso, kwa kuwa kwao Isunga mkwe hampi mkono mama wa mke wake, hamtazami machoni, wala hali naye chungu kimoja. Msena alikuwa mgeni wa desturi hiyo, ila aliishika kuliko wenyewe. Akiwa na neno la kumwambia, alisimama nyuma ya mlango akakohoa kwanza.

Kutoka nyuma ya mlango alimsimulia kwamba zamani Wanyamavu waliwinda kwa upinde na mshale mkavu, usiopakwa kitu, kama watu wengine. Mwindaji alijifunza miaka mitatu kunyata mpaka hatua kumi na tano, na akikosea shabaha ilikuwa juu yake kufuata damu hadi mwisho, hata siku nne, wala asile mpaka amemaliza. Siku moja tandala alipigwa tumboni akaangukia kando ya kisima cha mji, akaugua siku tatu. Watu walishindwa kulala. Ndipo wazee wakachemsha mizizi wakapata tulizo, wakapaka kwenye ncha za mishale. Tangu hapo mnyama akiguswa tu hulala, hatoi hata mkoromo.

"Kwa hiyo ni sumu," alisema Nyamizi.

Kikohozi kilisikika nyuma ya mlango, cha adabu kabisa.

"Samahani, mkwe. Hilo neno hapa hatulitamki. Sumu huua. Hili hutuliza."

"Na akishatulizwa?"

"Anakufa, mkwe. Lakini ametulia."

Baada ya siku chache Kalunde alimwomba mama yake apeleke chakula msituni, kwa maana yeye miguu ilikuwa imevimba. Nyamizi alikiweka juu ya jiwe mbali kidogo na Msena, akarudi nyuma, kama ilivyopasa. Hapo alikutana na Gwisu, mwindaji mnene, mcheshi, aliyekuwa amekaa juu ya kigoda akila karanga na upinde umelala magotini.

"Mama Kalunde!" alimwita kwa kunong'ona. "Kwenu mnawinda kwa kitu gani? Kwa nyimbo?"

"Kwa kunyata, mwanangu. Ila wewe na tumbo hilo ungekufa njaa."

Gwisu alicheka mpaka karanga zikampalia. "Hapa hakuna kunyata tena. Popote panatosha. Sikio, mkia, kwato. Tulizo linaijua njia."

Na kweli, kundi la swala lilipotokea mbali, hatua mia au zaidi, Gwisu aliinuka bila haraka akaachia mishale mitatu kama mtu anayetupa makapi. Mmoja ulimpata swala pajani. Akakimbia kidogo, miguu ikamwisha, akalala. Hakulia.

Basi Msena akavua kofia yake. Alipiga magoti kando ya kichwa cha yule swala, akamwinamia sikioni, na kwa sauti ambayo mama yeyote angependa mwanawe azungumziwe nayo, akauliza, "Mwenzetu, je, umeumia?" Akangoja pumzi kumi. Akauliza tena, akangoja. Akauliza mara ya tatu. Kisha akasema, "Ahsante," na msaidizi wake, kijana aitwaye Ndasa, akaandika katika kitabu: *Hakulalamika.*

Hiyo ndiyo sheria ya Unyamavu. Mnyama hachunwi kabla ya kuulizwa mara tatu. Wako watu waliofungwa kwa kuuliza mara mbili.

Nyamizi alisogea. Jicho la swala lilikuwa wazi. Nzi alitembea juu yake, na ukope haukushuka, lakini maji yalikuwa yakitoka pembeni na kulowesha manyoya. Alipopita upande wa pili, alihisi, hakuwa na hakika, kama lile jicho lilitaka kumfuata.

"Anatuona," alisema.

"Macho hubaki wazi, mkwe," alijibu Msena akitazama chini. "Ndivyo yalivyo."

Wachunaji walianza kabla wino wa Ndasa haujakauka. Mmoja wao, mzee, alichuma jani pana akalifunika lile jicho ili jua lisiliunguze. Nyamizi aliliona jani lile, na ndilo lililomfanya akose usingizi.

Alikwenda pia kuitazama Nyumba ya Kujifungulia. Ilikuwa safi, vitanda vimetandikwa shuka nyeupe, na mwanamke wa zamu alimwonyesha chupa ya tone na kando yake mvukuto mdogo wa ngozi laini.

"Huu wa nini, mwanangu?"

"Wa kumpulizia mama pumzi. Tulizo hulaza kifua pia. Sisi tunampulizia mpaka linapokwisha."

"Na wanyama, nani anawapulizia?"

Yule mwanamke alifikiri kwa dhati. "Hawajaomba," alisema.

Ajali ilitokea wiki ya pili. Nyamizi alikuwa ameweka chakula juu ya jiwe na ameanza kurudi. Gwisu alimpiga kongoni, akaanguka, na Msena akaenda kuuliza kama kawaida. Gwisu, kwa uvivu tu, akaachia mshale mwingine kumfuata kongoni wa pili aliyekuwa akikimbia nyuma. Mshale ule ulipita karibu na Msena ukamchubua mkono chini ya kiwiko. Haukuchoma, ulichubua. Damu haikufika kujaza ukucha. Msena aliutazama mkono wake, akageuka kama mtu anayetaka kusema neno, akakaa, kisha akalala chali.

Gwisu alikuja mbio, upinde ameuangusha. "Uuu, Msena! Ndugu yangu! Nimefanya nini!" Na alikuwa akilia machozi ya kweli.

Ndasa alisimama na kitabu mkononi, uso umempauka. Kisha, kwa sababu sheria inasema chochote kilicholala kwa tulizo kiulizwe, na kwa sababu hakujua la kufanya lingine, alivua kofia. Alipiga magoti. Alimwinamia bwana wake sikioni.

"Mwenzetu, je, umeumia?"

Akangoja pumzi kumi.

"Jamani!" Nyamizi alipaza sauti, wa kwanza kupaza sauti katika msitu ule kwa miaka mingi. "Leteni ule mvukuto!"

"Mvukuto ni wa akina mama," alisema Ndasa. "Nao uko mjini. Mwenzetu, je, umeumia?"

"Ametulia vizuri," alisema Gwisu kwa kwikwi. "Angalau ametulia vizuri."

Nyamizi aliitazama midomo ya mkwe wake, akaiona inageuka rangi ya majivu. Rangi ile aliifahamu. Watoto aliowapokea kwa mikono yake walikuwa zaidi ya mia tatu, na wale waliotoka kimya ndio waliomtia hofu. Kwa mkunga, kilio ni mlango umefunguka. Mtoto aliyenyamaza hasifiwi utulivu. Anageuzwa, anasuguliwa mgongo, anapuliziwa mdomoni mpaka alie au mpaka mkunga mwenyewe akubali kwamba hatalia tena.

Alimsukuma Ndasa pembeni. Akasita muda wa kupepesa jicho, kwa kuwa yule alikuwa mume wa mwanawe, na yeye hakuwahi hata kumgusa kidole. Kisha akamziba pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wake, akapuliza.

Alipuliza kwa muda ambao mtu angesonga ugali wa watu ishirini. Kichwa kilimwuma, magoti yalimwuma, nyota zilicheza machoni. Nyuma yake Ndasa alimaliza kuuliza mara ya tatu, kwa sauti ndogo, akaandika. Wachunaji walisimama wakishikilia visu, hawajui watazame wapi. Yule mzee wa jani alikuja, akapiga magoti, akawa anamfuta Nyamizi jasho la uso kwa upindo wa shuka yake kila alipoinua kichwa kuvuta pumzi. Hakuondoka.

Hatimaye kifua cha Msena kikajiinua chenyewe, kidogo, kama kifua cha kinda. Kidole kikacheza. Na sauti ya kwanza iliyomtoka haikuwa neno.

Walimbeba hadi nyumbani. Alilia siku nzima, na Kalunde alimlaza kichwa juu ya mapaja yake asijue amfariji kwa lipi. Asubuhi ya pili alitoka ndani, hakusimama nyuma ya mlango, hakukohoa. Alikaa kwenye mkeka mbele ya mama mkwe wake akamtazama usoni.

"Mama," alisema. Hakusema mkwe. "Nilimsikia Ndasa akiniuliza. Sauti yake ilikuwa nzuri sana. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Pole, mwanangu."

"Nilijibu, mama. Nilijibu mara zote tatu, kwa nguvu zangu zote. Jibu lilikuwa likiishia hapa." Aligusa shingo yake. "Kifua kilikuwa kinaungua kama nimemeza makaa. Mchubuko ulikuwa unaungua. Nilimwona nzi anakuja juu ya jicho langu na sikuweza kulifumba. Nikasikia visu vinanolewa kwa ajili ya kongoni. Nikadhani ni vyangu. Nimewauliza zaidi ya elfu nne, mama. Wote niliwaambia ahsante."

Kalunde alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa juu ya tumbo.

"Kwa hiyo na mimi," alisema polepole, "nitawasikia. Uchungu wote utakuwepo, nami nitakuwa nimefungiwa nao ndani."



Baraza la Huruma lilikutana siku ya nne. Mwenyekiti wake, Mzee Kasimbi, alikuwa mtu wa sura ya kupendeza. Alimwekea Msena mto wa kuegemea kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza uji wa moto kwa mashahidi wote, na akamwambia Nyamizi kwamba Unyamavu wote unamshukuru kwa pumzi zake.

Msena alisimama akaeleza. Alieleza vizuri, bila kupamba. Alipomaliza, watu walikuwa wakifuta machozi. Wawindaji kumi na wawili waliokuwa nyuma walikuwa wameinamisha vichwa.

"Basi tumwandike," alisema Mzee Kasimbi. Karani akafungua kitabu, akageuza kurasa, akageuza tena.

"Mheshimiwa, safu ni mbili tu. *Hakulalamika* na *Alikimbia.*"

"Hakukimbia," alisema mjumbe mmoja.

"Hakukimbia, kweli."

"Na alipoulizwa hakulalamika. Ndasa, ulimwuliza mara tatu?"

"Mara tatu, Mheshimiwa."

"Kwa sauti ya upole?"

Ndasa alimtazama Msena, na Msena, ambaye hakuwa mwongo, akasema, "Kwa sauti ya upole."

Mjadala ukaanza, ukaenda mpaka vibakuli vya uji vikapoa. Mjumbe mmoja alisema pengine mnyama hana uhuru wa kutosha wa kujibu, kwa hiyo aulizwe mara nne. Mwingine akasema mara nne ni kumchosha. Mama mmoja aliyevaa ushanga mweupe alisema kosa ni la kipimo: dawa ilikuwa kidogo, ndiyo maana mtu amerudi na malalamiko, ingetosha, asingerudi. Hoja hiyo ilisifiwa kwa huruma yake. Hakuna aliyetaka kurudi kwenye mshale mkavu, na Nyamizi, kwa haki, hakuweza kuwalaumu kwa hilo, maana naye alikwisha kusikia mnyama aliyejeruhiwa akiugua porini, na sauti ile haimtoki mtu masikioni. Lakini hakuna pia aliyesema kwamba Gwisu ajifunze kusogea karibu.

"Mwanangu Msena," alisema Mzee Kasimbi hatimaye. "Wewe wa leo umekaa kwenye mto, umeshiba, umepumzika. Wewe wa siku ile ulikuwa palepale kwenye jambo lenyewe. Wewe wa siku ile hukulalamika. Tumwamini nani?"

"Niaminini mimi," alisema Msena. "Sote wawili ni mimi."

Nyamizi akaomba ruhusa. Hakuwa mzungumzaji wa mabaraza. Aliwaambia habari ya watoto wanaotoka kimya. Aliwaambia kwamba katika miaka yake yote hajaona mama aliyekufa kwa kupiga kelele, ila ameona waliokufa baada ya kelele kwisha. "Mnayemsikia bado yuko nanyi," alisema. "Binti yangu alipiga kelele siku mbili, nanyi mkakaa mlangoni mkalia naye. Mngekuwa hamkumsikia, mngekaa mlangoni kwa nani?"

Mzee Kasimbi alitoa leso akajifuta macho.

"Iandikwe," alisema, "kwamba mgeni wetu amesema vizuri."

Ikaandikwa. Kisha wakapitisha kwamba kipimo kiongezwe.

Asubuhi iliyofuata Kalunde aliamka na maumivu ya kiuno yaliyokuja yakaondoka. Nyamizi alimpapasa tumbo akajua kwamba siku ni chache, mbili au tatu. Na jua likiwa halijapanda, Mzee Kasimbi akapiga hodi, amebeba mtungi wa asali. Aliuliza hali ya kila mtu. Alikataa kiti kizuri akachukua kibovu.

"Msena," alisema, "wale wawindaji kumi na wawili wametundika pinde zao. Mji utakosa nyama. Na wengine wanaulizana kuhusu tone la akina mama. Wewe ndiye mtu pekee aliyekwenda kule akarudi. Neno lako ni zito kuliko kitabu chetu chote." Alitoa karatasi kwenye kanzu yake akaikunjua juu ya mkeka. Ilikuwa imekwishaandikwa. *Mimi Msena, Muulizaji, niliyepigwa na tulizo nikarudi, nashuhudia kwamba sikuumia.*

"Ni uongo," alisema Msena.

"Ni faraja. Sheria inasema kila mama ndani ya Unyamavu atapewa tone, sina namna ya kuipindisha. Lakini Baraza linaweza kutoa kibali kwa mama anayetaka kwenda kujifungulia kwao. Kibali kimoja. Mlinzi wa mpaka hatampisha bila hicho." Akakitoa nacho, akakiweka kando ya ile karatasi, akavisawazisha kwa vidole vyake vya kizee. "Wewe utabaki nasi, bila shaka. Watu watataka kukuona umetulia."

Hakutisha. Hakuna neno hata moja la ukali lililosemwa katika nyumba ile. Kalunde alikuwa chumbani, na walimsikia akivuta pumzi kwa meno, akijizuia.

Msena alimgeukia Nyamizi. "Mama," alisema. "Nifanyeje?"

Nyamizi alifungua mdomo. Aliona elfu nne waliolala na macho wazi, na wengine ambao hawajazaliwa, na wanawake kwenye shuka nyeupe wakimsikia mtu akiwauliza kwa upole. Kisha akamwona binti yake. Alitaka kumwambia asitie sahihi. Alitaka kumwambia atie. Maneno yote mawili yalipanda pamoja yakakwama mahali pamoja, na hakuna lililotoka.

Msena alimtazama. Alikuwa amefanya kazi moja miaka tisa, na mazoea ya kazi hayaishi kwa wiki moja. Alingoja pumzi kumi. Kisha akasema kwa upole, "Ahsante, mama," akachukua kalamu akatia sahihi.

Nyamizi alipopata sauti, wino ulikuwa ukikauka, na Mzee Kasimbi alikuwa akiipuliza karatasi kwa uangalifu isichafuke.

Waliondoka siku ileile. Msena aliwasindikiza mpaka mpakani, akambebea mkewe kila kitu, akamvua viatu alipoona miguu imevimba, akamvalisha vyake. Mlinzi alisoma kibali mara mbili. Kalunde na mumewe waliagana kwa kushikana mikono tu, kwa kuwa mke hakuweza kuinama. Upande wa pili wa kilima uchungu ulimshika kweli. Nyamizi alimtandikia kanga chini ya mti wa miiba, na Kalunde akapiga kelele, akapiga kelele mpaka ndege wakahama, na mama yake hakumwambia nyamaza. Mtoto alitoka akilia. Alikuwa msichana.

Walimlea Isunga. Habari za Msena zilikuja mara mbili, kisha zikakoma. Ya pili ilisema kwamba amerudishiwa kazi yake.

Mtoto alipokuwa ameanza kusimama, mchuuzi mmoja alipita Isunga akatandika mkeka chini ya paa la mnada. Aliuza chupa ndogo za dawa ya kupaka kwenye mishale. Alikuwa mtu mpole. Alisema sasa hakuna haja ya mnyama kuugua porini, wala mwindaji kukesha akifuata damu. Kila chupa ilikuwa imeviringishwa karatasi iliyopigwa chapa. Nyamizi aliichukua moja akaikunjua. Hakuwa msomaji wa haraka. Aliyafuata maneno kwa kidole, moja moja, mpaka alipofika kwenye jina la mkwe wake.

Akasimama mbele ya watu akawaambia yote. Aliwaambia habari ya nzi juu ya jicho, na visu, na jibu lililoishia shingoni. Aliwaambia kwamba sahihi ile ilitiwa ili Kalunde apate kuvuka, na kwamba yeye mwenyewe aliulizwa akanyamaza. Kalunde alikuwa pale, mtoto mgongoni, akasema, "Ni kweli asemavyo mama."

Watu wa Isunga walimheshimu Nyamizi. Nusu yao alikuwa amewapokea duniani kwa mikono yake. Walimsikiliza mpaka mwisho, na mwindaji mmoja akamwambia kwa adabu, "Bibi, tunakuamini kwamba uliyaona. Lakini wewe hukupigwa na mshale. Aliyepigwa ameandika hapa."

Wakanunua. Walinunua karibu wote, wakawa wanaonyeshana chupa juani, wakisifu rangi yake.

Alikuwepo mtu mmoja aitwaye Lubango, mbaya wa shabaha kuliko wote kijijini, ambaye watu walimtania kwamba swala humsubiri yeye ili wapumzike. Kama kuna aliyehitaji dawa ile ni yeye. Alikuwa ameishika chupa mkononi tangu mwanzo. Aliigeuza, akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma, akamtazama Nyamizi, halafu mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwa Kalunde. Akairudisha chupa mkekani, taratibu, isigonge nyingine. Hakusema kwa nini, na wenzake walikwisha kuanza kumcheka.

Kesho yake aliingia porini peke yake na mishale mikavu, akanyata kutwa nzima. Jioni kwake walikula mlenda mtupu.